Hela za Tabora: Jinsi ya Kuzishika na Kuzihifadhi

Neno hela, ambalo Watanzania hulitumia kwa fedha ya kila namna, lilizaliwa na sarafu. Mwaka 1904 utawala wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki uliigawa rupia katika heller 100, badala ya pesa 64 za hapo awali. Wenyeji walitamka hela, na neno likadumu baada ya sarafu yenyewe kutoweka. Lubumbashi neno la kawaida ni feza, au makuta, jina la sarafu zilizotolewa mwaka 1967. Hata hivyo kuna hela ambazo historia yake inagusa Kongo moja kwa moja, nazo ndizo zinazoharibiwa kwa urahisi zaidi na mikono ya wanaozipenda.

Hizo ni hela za Tabora. Wakati wa vita vya 1914-1918 njia ya bahari ilizibwa, na sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa sarafu za hela 5 na hela 20, pamoja na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo mbele ya milima. Zote zina herufi T. Mnamo Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, yaliuteka mji huo.

Hela 20 zilipigwa nyingine kwa shaba nyekundu, nyingine kwa shaba ya njano, na mihuri iliyotumiwa haikuwa mmoja. Wataalamu huitofautisha kwa ukubwa wa taji upande mmoja, na kwa ncha za herufi L upande wa pili. Pengine muhuri ulipata ufa, na ufa huo ukaacha mstari mwembamba kama unywele juu ya sarafu. Kwa mstari huo mtafiti hujua ipi ilitangulia na ipi ilifuata. Sarafu ni hati, basi, na mwenye kuisugua huifuta hati hiyo.

Kosa kubwa hutokana na nia njema. Katika mji wa shaba kama Lubumbashi, nani asiyejua kwamba limau na majivu hung'arisha chombo? Kwa sufuria ni jambo jema. Kwa sarafu, asidi ya limau hula uso wa madini, na majivu huukwaruza. Shaba ya njano huumia zaidi, kwa kuwa asidi huiondoa zinki iliyomo na kuacha madoa mekundu. Asiye makini aweza kudhani ameshika hela ya shaba nyekundu. Ule utando wa kahawia uliojengeka kwa miaka mingi si uchafu. Huikinga sarafu, na ukiisha kuondolewa haurudi ulivyokuwa.

Kabla ya kuishika sarafu, mikono ioshwe na kukaushwa. Sarafu ishikwe ukingoni, kati ya kidole gumba na cha shahada, wala vidole visiguse nyuso zake. Jasho lina chumvi na mafuta. Alama ya kidole haionekani siku ile, lakini baada ya miezi huwa doa lisilotoka. Kazi ifanyike mezani juu ya kitambaa laini kilichokunjwa, maana sarafu ikianguka juu ya saruji hubonyea, hasa ya dhahabu. Glavu za pamba husifiwa mno, lakini hupunguza uhakika wa vidole. Vumbi lisipanguswe hata kwa kitambaa laini, kwa sababu ndani yake mna mchanga. Ikilazimu, sarafu ilowekwe katika maji yaliyotoneshwa, kisha ikaushwe kwa kugandamizwa taratibu bila kusuguliwa.

Mifuko laini ya plastiki ya aina ya PVC iepukwe: baada ya muda hutoa asidi na kuacha utando wa kijani unaonata. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, au vifuko vya poliesta, vinafaa. Majira ya mvua yana hatari yake, kwani unyevu huamsha chumvi za kloridi zilizojificha ndani ya shaba. Ukitokea unga wa kijani hafifu ulio kama chaki, sarafu hiyo itengwe mahali pakavu na kuonyeshwa mtaalamu, isikwanguliwe.

Bahasha iandikwe kabla sarafu haijaingizwa, kwa kuwa ncha ya kalamu huweza kuacha mfuo juu ya madini. Iandikwe pia mahali sarafu ilikopatikana na aliyeitoa: hela ya Tabora iliyotoka katika sanduku la askari wa Kongo aliyerudi kwao ina habari ambayo hela nyingine ya muhuri ule ule, iliyonunuliwa sokoni, haina.