Mtunzi na Msomaji: Utendi wa Mwana Kupona

Suala la mamlaka ya mtunzi juu ya kazi yake baada ya kufika mikononi mwa wasomaji aghalabu hujadiliwa kana kwamba limezaliwa na mtambo wa chapa na sheria za hakimiliki. Katika ushairi wa Kiswahili suala hilo ni la kale zaidi, na Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, waweza kulidhihirisha.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alikuwa mgonjwa alipoutunga. Katika beti za mwanzo anamwita bintiye aketi karibu, aje na wino na karatasi. Kwa mujibu wa utendi wenyewe, basi, kalamu haimo mkononi mwa mtunzi bali imo mkononi mwa yule anayeusiwa. Mama anaufananisha wasia huo na hirizi; na hirizi, ikisha kufungwa, ni ya aliyeivaa. Karibu na tamati anapanua wigo: wanawake wote waombwa wausome na wayafahamu maana yake. Siri ya mama na mwana imetolewa nje na mama mwenyewe.

Hata hivyo hakuuachilia utungo wake bila ya alama. Alitia jina lake, mahali alikozaliwa na tarehe, kama ilivyokuwa desturi ya watunzi wa tendi. Alama hizo hulinda nasaba ya utungo. Maneno yenyewe haziyalindi. Hati ya Kiarabu iliyotumiwa na waandishi wa pwani haikuwa daima na herufi zilizotenganisha b na p, wala irabu zilizotenganisha u na o. Jina la mtunzi, likiandikwa kwa ba na dhamma, laweza kutamkwa Kubuna na mtu asiyeijua lugha. Kila anayelihamishia katika herufi za Kilatini hana budi kuchagua, na kila chaguo ni tafsiri ndogo.

Si kwamba jadi iliogopa mkono wa msomaji. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipolifanyia takhmisa shairi linalonasibishwa na Liyongo, aliongeza vipande vitatu juu ya kila viwili alivyovikuta, na hakuna aliyemwita mwizi. Lakini katika takhmisa kiungo huonekana: msomaji ajua kwamba kuna wa kale na kuna wa baadaye, na mizani humwonyesha mpaka.

Mkono wa mhariri wa kisasa hauonekani kwa wepesi huo. Alice Werner aliuchapisha utendi huu mwaka 1917. Mwaka 1934 yeye na William Hichens wakautoa tena kwa anwani ya Kiingereza iliyoutaja kuwa ni nasaha za Mwana Kupona juu ya wajibu wa mke. Utendi huanza na dini, adabu na ulimi wa kweli, na humalizikia katika dua ya mgonjwa kwa ajili ya nafsi yake, watoto wake na jamaa zake. Hata pale mume anapotajwa, Mwana Kupona ahesabu radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ndiyo ya mume. Anwani imemtoa wa tano ikamweka mbele. Ni kweli kwamba beti za mume ni nyingi, na wahariri hawakuzibuni. Walichofanya ni kumwambia msomaji, kabla hajafungua ukurasa, aangalie wapi. Athari yake imekuwa kubwa kuliko ya kosa lolote la mnakili, kwa kuwa kosa la mnakili hulinganishwa na nakala nyingine likasahihishwa, ilhali anwani hunukuliwa hata na wasiousoma utendi.

Ndipo mwaka 1991 Ann Biersteker alipotaka utendi huu uangaliwe upya kwa upande wa lugha na uwezo. Palipoonekana utiifu mtupu, yeye alimwona mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenzake namna ya kujiendesha mbele ya wenye amri. Wako wasioikubali rai hiyo, nao pia hutegemea beti zile zile. Mwana Kupona aliwataka wanawake wayafahamu maana. Hakuacha ubeti wa kuamua kati ya fahamu mbili.