Tulilia Pamoja: Kumbukumbu ya MV Bukoba na Deni la Uzalendo

Kila mwaka ifikapo tarehe 21 Mei, katika parokia nyingi zinazoizunguka Ziwa Victoria, huletwa nia za Misa zenye maneno yanayofanana: kuwaombea marehemu wa MV Bukoba. Kumbukumbu hiyo haimo katika kalenda ya liturujia, lakini makatibu wa parokia wanaifahamu vizuri. Wapo wanaoleta jina moja, wapo wanaoleta majina sita ya nyumba moja. Wapo pia vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1996, ambao wanamwombea babu au shangazi wasiyepata kumwona. Ni kwa ajili ya vijana hao hasa tumeona inafaa kueleza kilichotokea, na kile ambacho tukio lile linatudai sisi tulio raia wa nchi hii na wana wa Kanisa.

MV Bukoba ilikuwa meli iliyohudumia ziwa letu tangu mwaka 1979, na safari yake ya kawaida ilikuwa kati ya Bukoba na Mwanza. Wasomaji wa sasa, wanaopanda basi asubuhi na kufika siku hiyohiyo, na ambao tangu mwaka 2025 wanavuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja, huenda wasielewe uzito wa jambo hilo. Zamani zile ziwa ndilo lililokuwa barabara yetu. Mkulima wa Kagera aliyetaka kuuza ndizi zake Mwanza, mwanafunzi aliyerudi shuleni, mgonjwa aliyetafuta hospitali kubwa, wote walishuka gatini. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 meli iling'oa nanga Bukoba, ikapita Kemondo kuongeza abiria na mizigo, ikasafiri usiku kucha. Asubuhi ya Jumanne tarehe 21, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, ilipinduka. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430. Waliokufa peke yao walizidi 800.

Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, bendera zikapepea nusu mlingoti. Tukumbuke nchi ilikuwa katika hali gani. Ilikuwa imepita takriban miezi saba tu tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 1995, uchaguzi wa kwanza baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa. Maneno makali ya kampeni yalikuwa bado masikioni mwa watu, na si wachache waliojiuliza kama umoja uliojengwa kwa miaka thelathini na zaidi ungevumilia ushindani huo mpya. Kisha ukaja msiba huu, na ghafla hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa wa chama gani. Watu wa Mtwara na wa Pemba, ambao hawajawahi kuliona ziwa hili, walikaa karibu na redio zao wakilia.

Sisi makleri tunalitazama jambo hilo pia kwa jicho la liturujia. Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 7 Aprili, hivyo siku ya ajali ilikuwa ndani ya novena ya Roho Mtakatifu, na Dominika iliyofuata, tarehe 26 Mei, ilikuwa Sherehe ya Pentekoste. Waamini waliokuja kusikia habari ya watu wa mataifa mengi waliosikia kila mmoja kwa lugha yake mwenyewe walitoka moja kwa moja kwenye matanga. Wahaya, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza na wengine wengi walikuwa na kilio kimoja. Hatusemi kwamba Mungu aliuleta msiba ili atufundishe umoja. Fundisho la namna hiyo lingekuwa dharau kwa waliokufa. Tunasema tu kwamba katika juma lile Roho aliyeahidiwa hakutuacha.

Alama ya umoja huo ipo hadi leo pale Igoma, jijini Mwanza. Miili mingi iliyoopolewa haikuweza kutambuliwa, ikazikwa pamoja katika eneo hilo. Anayefika pale hawezi kujua Mkristo amelala wapi na Mwislamu wapi, Mkatoliki yupi na Mlutheri yupi. Mmoja husimama akasali Baba Yetu na Atukuzwe, mwingine pembeni yake akaomba dua, na udongo ni uleule. Tangu kale Mama Kanisa anafundisha kuwaombea marehemu, naye katika Ekaristi huwakumbuka pia wale ambao imani yao yaijua Mungu peke yake. Igoma ni mahali ambapo sala hiyo inaeleweka bila kufafanuliwa.

Hata hivyo, umoja wa machozi una kikomo. Matanga huisha, majamvi hukunjwa, kila mtu hurudi kwake. Ndipo tunapopaswa kujiuliza uzalendo ni nini hasa katika mafundisho ya Kanisa, maana siku hizi neno hili limezoeleka kutumika kwa nyimbo, kwa rangi za bendera na kwa kushangilia timu ya taifa. Mambo hayo ni mazuri. Lakini Katekismu ya Kanisa Katoliki inaliweka pendo la nchi chini ya amri ya nne, ile inayotuagiza kuwaheshimu baba na mama, na inaeleza katika namba 2239 kwamba kuipenda na kuitumikia nchi ni wajibu unaotokana na shukrani na utaratibu wa mapendo. Kabla yake, Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa amekwisha kufundisha kwamba fadhila ileile inayomfanya mtu awatunze wazazi wake ndiyo inayomfanya aitunze nchi yake, kwa kuwa vyote viwili vimempa uhai na malezi. Mtoto hampendi mama yake kwa kumwimbia tu. Anachota maji, anamtazama anapougua, anakesha. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Gaudium et Spes, unawataka raia waipende nchi yao kwa moyo mkuu lakini bila ufinyu wa mawazo, wakiitazama daima familia nzima ya wanadamu.

Kwa hiyo tukiuliza ni nani aliyekuwa mzalendo pale gatini Kemondo jioni ile, swali halihusu tena hisia. Linahusu kazi: aliyekata tiketi, aliyehesabu abiria, aliyepima mizigo, aliyekuwa na mamlaka ya kusema meli isiondoke. Baada ya ajali Serikali iliunda tume ya uchunguzi na baadhi ya watumishi walishtakiwa mahakamani. Si kazi yetu kuwahukumu upya. Kazi yetu ni kuitazama dhambi ambayo sisi sote tumeizoea kiasi cha kutoiita dhambi.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anazungumzia watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa. Ni habari fupi, na huwa tunaipita haraka. Yesu anakataa kabisa wazo kwamba watu wale walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Mwaka 1996 walikuwapo waliosema ajali ni adhabu, wengine wakanong'ona habari za ushirikina na kafara. Injili inalifunga jambo hilo. Lakini Yesu haishii hapo: anawageukia walio hai na kuwaambia watubu. Mnara umeanguka, waliokufa hawana hatia ya pekee, na bado wito wa toba upo, nao unaelekezwa kwetu tuliobaki. Minara haianguki yenyewe tu. Kuna aliyeijenga, kuna aliyeikagua, kuna aliyeuona ufa akanyamaza.

Toba hiyo inahusu amri ya tano. Waamini wengi wanapofanya utafiti wa dhamiri hufika kwenye amri ya kutoua wakavuka kwa haraka, kwa sababu hawajamchoma mtu kisu. Lakini Katekismu, katika namba 2269, inafundisha kwamba sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo bila sababu nzito. Na namba 2290 inawataja waziwazi wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani, baharini na angani, ikisema hatia yao ni nzito. Dereva, nahodha, mkaguzi anayepokea kitu kidogo afumbe macho, mwenye chombo anayemshinikiza mtumishi wake apakie zaidi: hayo ni mambo ya kitubio. Tunakiri kwamba ni nadra sana kuyasikia yakisemwa katika mahubiri yetu, na lawama hiyo ni yetu sisi mapadre.

Lipo jambo moja katika masimulizi ya siku ile linalotusumbua kuliko yote. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu ya maji kwa muda, na ndani yake walikuwamo watu wakiwa hai katika hewa iliyonasa humo. Waliofika kuokoa waliwasikia wakigonga. Ikaamuliwa kutoboa bati ili watolewe. Tundu lilipopatikana hewa ikatoka, na meli ikashuka chini pamoja nao. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Waliwapenda waliokuwa ndani, walikuwa na haraka ya huruma. Kilichokosekana ni ujuzi, vifaa na maandalizi, na wapiga mbizi wenye vifaa kutoka Afrika Kusini walikuja baadaye, kwa ajili ya kutafuta miili. Mapokeo ya Kanisa yanaiita busara dereva wa fadhila nyingine, na hapa tunaona kwa nini. Upendo usiojifunza unaweza kuua. Taifa linaloahidi kuwapenda watu wake lakini halina mashua ya uokoaji wala watu waliofunzwa kuitumia, linafanya ahadi lisiyoweza kuitimiza saa ya shida.

Je, tulijifunza? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, wilayani Ukerewe. Kilijengwa kubeba watu wapatao mia moja. Waliokufa walizidi 220. Kilichotuuma ni jina pia, kwani kilibeba jina la Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, aliyetumia maisha yake kutufundisha kwamba sisi ni ndugu. Kila mara tulitangaziwa maombolezo, kila mara tulikuwa wamoja kweli. Miaka ishirini na miwili kati ya Mwanza na Ukara, na mambo ni yaleyale: watu wengi mno, chombo kidogo mno, orodha isiyoaminika.

Tusielekeze macho serikalini tu. Ni Kwaya gani isiyowahi kupanda lori kwenda kwenye jubilei au upadrisho, vijana wamesimama, wengine wameketi juu ya kingo, wakiimba Bikira Maria awasindikize? Ni Jumuiya gani haijawahi kukodi basi dogo la watu thelathini likapakia hamsini, ili mchango upungue? Mwenyekiti anayesema basi limejaa, tungoje lingine, huonekana mkorofi na mwenye imani haba. Tunaowajua waliothubutu kusema hivyo ni wachache, na wengi wao waliwahi kupoteza mtu majini. Uvuvi nao una habari yake: mara ngapi tumezika wavuvi wetu waliotoka bila jaketi okozi kwa sababu zilikuwa nyumbani, zimetundikwa ukutani zisichakae?

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwaka huu, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zitakapokutana katika juma la tarehe 21 Mei, baada ya Rozari Takatifu zikae kidogo na kuzungumza juu ya safari zao zenyewe: nani hupanga usafiri, kwa kigezo gani, na nani ana ruhusa ya kusema hapana bila kuchekwa. Parokia zilizo visiwani na mialoni ziwaalike wavuvi na wenye mitumbwi, hata wasio Wakatoliki.

Na kuna jambo la majina. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameorodheshwa. Wa daraja la tatu, waliokuwa maskini zaidi na wengi zaidi, hawakuwa na orodha. Wengi wao walizama bila kuandikwa popote. Familia zenye ndugu wa aina hiyo zinaombwa zilete majina yao katika ofisi ya parokia kabla ya siku ya Misa, hata kama linakumbukwa jina moja tu, la ubatizo au la ukoo, na hata kama marehemu hakuwa Mkristo. Yataandikwa katika daftari la parokia na kusomwa yote altareni, moja baada ya jingine, bila kuharakishwa. Tumekwisha kuwaarifu wanakwaya kwamba Misa ya siku hiyo itachukua muda mrefu.