Uraibu unapogeuzwa duka: Anayehama mtandaoni huondoka na nini?

MWISHONI mwa Agosti 2012, watu wawili waliokuwa wakiandika habari za safari kwa mapenzi tu, bila kulipwa hata ndururu, walishtakiwa mahakamani nchini Marekani. Aliyewashtaki hakuwa hoteli waliyoisema vibaya wala shirika la ndege. Ilikuwa kampuni iliyomiliki tovuti ambayo wao na wenzao walikuwa wameijenga kwa mikono yao.

Kwa mujibu wa kampuni hiyo, kosa lao lilikuwa kushirikiana na wengine kuhamisha jumuiya nzima ya waandishi hadi tovuti nyingine.

Kisa hicho kinamhusu kila mtu aliye na uraibu, yaani shughuli anayoifanya kwa kuipenda wala si kwa kutafuta riziki, na ambaye amewapata wapenzi wenzake mtandaoni. Awe mpiga picha, mpanda milima, mwokaji wa keki au mkulima wa mboga za kwenye magunia, siku moja huenda akagundua kwamba uwanja waliokuwa wakikutania umegeuzwa soko. Matangazo yamezidi, sheria zimebadilishwa usiku, na kilichokuwa cha bure sasa kinalipiwa.

Wengi husema, "Basi, tuhame." Lakini kuhama ni jambo moja, na kuhama na mali yako ni jingine.

Walivyoanza

Tovuti hiyo ya safari iliitwa Wikitravel. Ilianzishwa Julai 2003 na Evan Prodromou na Michele Ann Jenkins, waliokuwa wakiishi mjini Montreal, Canada. Waliiga mtindo wa Wikipedia, kamusi elezo iliyokuwa imeanza mwaka wa 2001, ambapo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kusahihisha.

Msafiri aliyetoka Lamu aliweza kueleza jinsi ya kupata mashua ya kuvukia kisiwani. Aliyelala katika nyumba ya wageni mjini Prague aliweza kuandika bei yake. Mwingine alirekebisha nauli iliyopanda. Kidogo kidogo, maelfu ya kurasa yakajazwa.

Jambo moja lililofanywa tangu mwanzo halikuonekana kubwa wakati huo. Maandishi yote yaliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kuinakili kazi, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi awataje walioiandika na aitoe kazi yake mpya kwa masharti yale yale.

Aprili 2006, waanzilishi waliiuza tovuti hiyo kwa Internet Brands, kampuni ya jimbo la California iliyokuwa ikinunua na kuendesha tovuti nyingi ili kupata faida kutokana na matangazo.

Wajerumani watangulia

Si wote waliosubiri kuona mambo yatakavyokuwa. Baadhi ya waandishi wa Kijerumani hawakuridhika na mauzo hayo, na Desemba 2006 wakafungua tovuti yao, Wikivoyage. Waliiweka mikononi mwa chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Ujerumani, ili pasiwe na mtu mmoja mwenye uwezo wa kuiuza tena. Waandishi wa Kiitaliano waliwafuata mwaka uliofuata.

Waandishi wa Kiingereza, ambao ndio waliokuwa wengi, walibaki. Tovuti yao ilizidi kupata sifa na mwaka wa 2007 ikatuzwa Webby. Lakini kadiri miaka ilivyopita ndivyo manung'uniko yalivyoongezeka. Walilalamika kwamba mitambo haikushughulikiwa ipasavyo, programu zilikuwa zimepitwa na wakati, na matangazo yalikuwa yakizidi kuchukua nafasi.

Mnamo 2012 wengi wa wasimamizi wa kujitolea walikata kauli. Waliomba kuungana na wenzao wa Wikivoyage, kisha tovuti hiyo ipokewe na wakfu wa Wikimedia, ambao ndio unaoendesha Wikipedia kwa michango ya wasomaji.

Hapo ndipo Internet Brands ilipokwenda mahakamani mjini Los Angeles, ikidai kuwa waandishi hao wawili walitumia vibaya jina la biashara yake na kula njama dhidi yake. Septemba mwaka huo Wikimedia nayo ilifungua kesi mjini San Francisco, ikiomba mahakama itamke kwamba kampuni hiyo haina haki ya kuwazuia waandishi kuhama. Mvutano huo ulimalizika Februari 2013 kwa maelewano.

Kufikia wakati huo uhamisho ulikuwa umeshafanyika. Wikivoyage ilizinduliwa rasmi chini ya Wikimedia tarehe 15 Januari 2013.

Kilichouzwa na ambacho hakikuuzwa

Ili kuelewa namna watu wasio na mtaji walivyoweza kuiondokea kampuni yenye mawakili na fedha, ni lazima kutenganisha vitu vitatu ambavyo kwa kawaida tunavitaja kwa pamoja kama "tovuti".

Cha kwanza ni jina. Anwani ya mtandaoni, nembo na alama ya biashara vilikuwa mali ya kampuni. Waandishi hawakuweza kuondoka navyo, na hawakujaribu.

Cha pili ni kazi. Kurasa zenyewe hazikuwahi kuwa mali ya kampuni peke yake. Kila aliyeandika aya alibaki na hakimiliki ya aya yake, na leseni ilimruhusu kila mtu, ikiwemo tovuti mpya, kuzinakili. Ndiyo maana waliohama walilazimika kuhama pia na orodha ya majina ya walioandika kila ukurasa. Hilo halikuwa heshima tu, lilikuwa sharti la leseni.

Cha tatu ni watu. Hakuna mkataba uwezao kumfunga mtu wa kujitolea asiache kujitolea. Lakini watu wakiondoka mmoja mmoja, kila mtu kwa hasira zake, jumuiya hufa njiani. Hawa walijadiliana mbele ya wote kwa miezi kadhaa, wakaondoka pamoja na kufikia mahali pamoja.

Hata hivyo, hawakuondoka bila hasara. Tovuti ya zamani iliendelea kuwapo ikiwa na nakala ya maandishi yale yale. Mtambo wa kutafutia habari kama Google ukikuta kurasa mbili zinazofanana, kwa kawaida huonyesha moja na kuisukuma nyingine nyuma, na aliyetangulia huwa na faida. Kwa muda mrefu wasomaji waliendelea kupelekwa kwenye mlango wa zamani, hata pale ambapo walioandika walikuwa wameshahama.

Wageni bila malipo

Kisa cha pili kina mwisho tofauti. Couchsurfing ilitokana na safari ya mwaka wa 1999, wakati kijana wa Marekani, Casey Fenton, alipopata tiketi ya bei nafuu ya kwenda Iceland. Kwa kuwa hakuwa na mwenyeji, aliwaandikia barua pepe wanafunzi wa chuo kikuu mjini Reykjavik akiomba mahali pa kulala. Majibu yalikuwa mengi, na wazo likazaliwa.

Tovuti ilifunguliwa mwaka wa 2004. Msafiri alipata kitanda au kochi bila malipo, na mwenyeji akapata mazungumzo na rafiki. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lilikuwa kupika chakula cha kwao, kusimulia, na zamu yake ikifika, naye kumpokea mgeni. Mwaka wa 2006, hifadhi ya data ilipoharibika na Fenton akatangaza kwamba mradi umekwisha, wanachama wa kujitolea ndio waliosaidia kuufufua.

Mnamo Agosti 2011, baada ya wakuu wa kodi wa Marekani kukataa kuutambua kama shirika la hisani, mradi uligeuzwa kuwa kampuni ya kutafuta faida. Mwaka huo huo wawekezaji walitia dola milioni 7.6, na mwaka uliofuata dola milioni 15. Wanachama wengi waliona wamechezewa shere. Walikuwa wametoa nyumba zao, muda wao na hata ujuzi wao wa kompyuta kwa shirika lisilo la faida, na sasa jasho lao lilikuwa mtaji wa wengine.

Mei 2020, wakati janga la COVID-19 lilipokuwa limesimamisha safari duniani, wanachama katika nchi nyingi walikuta ukurasa umefungwa hadi walipe dola 2.39 kwa mwezi au 14.29 kwa mwaka. Fedha hizo si nyingi. Kilichowaudhi watu ni kwamba aliyekataa kulipa hakuweza kufikia ujumbe wake wala sifa alizoandikiwa na wageni wake kwa miaka.

Sifa hizo ndizo zilizokuwa mali. Katika shughuli ya kumlaza mtu usiyemjua nyumbani kwako, ushuhuda wa watu 50 kwamba wewe ni mwaminifu una thamani kuliko picha nzuri. Na ushuhuda huo haukuwa na leseni ya kuhama. Waliotoka walitawanyika, wengine wakaenda BeWelcome, iliyoanza 2007 chini ya chama kisicho cha faida cha Ufaransa, wengine Trustroots ya mwaka wa 2014, na wengine Couchers, iliyoanzishwa 2020. Huko kote walianza upya kama wageni wasiojulikana.

Kampuni nayo ina hoja

Si haki kusema kwamba kila anayeweka matangazo ni mnyang'anyi. Mitambo hulipiwa, umeme hulipiwa, na wahandisi wana watoto wa kusomesha. Jumuiya ya watu 200 yaweza kuendeshwa kwa fedha za mfukoni mwa mtu mmoja, lakini ya watu milioni 2 haiwezi. Internet Brands iligharimia mitambo ya Wikitravel kwa miaka, na Couchsurfing ilisema mwaka wa 2020 kwamba janga lilikuwa limekausha mapato yake.

Tatizo basi si fedha peke yake. Tatizo ni kubadilisha makubaliano baada ya watu kutoa jasho, bila kuwapa nafasi ya kukataa na kuondoka na kilicho chao.

Kabla ya kubisha mlango na kutoka

Mpenzi wa jambo fulani anayeona dalili hizo katika jumuiya yake hana sababu ya kukurupuka. Yapo ya kufanya, na mpangilio wake ni muhimu.

Kwanza, hifadhi kazi yako kabla ya kutangaza kwamba unaondoka. Novemba 2018, tovuti ya picha ya Flickr ilipotangaza kwamba wasiolipa wataruhusiwa picha 1,000 pekee, wenye nakala zao nyumbani hawakukosa usingizi. Wasiokuwa nazo walianza mbio za kupakua maelfu ya picha kabla ya muda kwisha.

Pili, soma masharti. Tovuti nyingi za biashara hukuachia hakimiliki lakini hukutaka uipe kampuni ruhusa ya kuitumia kazi yako bila kukulipa. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baadaye. Kwa hivyo simulizi au mapishi uliyoyaandika kwa maneno yako waweza kuyachapisha kwingine, isipokuwa kama umekubali vinginevyo. Ya wenzako hayakuhusu, hadi wakuruhusu.

Tatu, dai data yako. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 kinampa mtu haki ya kupewa data yake ya kibinafsi katika mpangilio unaosomeka na kompyuta, na kuihamishia kwingine. Anayenyimwa anaweza kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Nne, msiondoke mmoja mmoja. Kubalianeni mahali pa kwenda, na mwacheni mtu au wawili nyuma kwa muda ili kuwaelekeza watakaochelewa. Orodha ya anwani za wanachama, iliyokusanywa kwa idhini yao, ina thamani kuliko kurasa 1,000. Msitumie jina wala nembo ya mlikotoka.

Tano, mkijenga nyumba mpya, amueni mapema jina litamilikiwa na nani. Makundi mengi ya WhatsApp na Facebook nchini yana msimamizi mmoja mwenye uwezo wote. Siku atakapouza nafasi ya matangazo, au kulikabidhi kundi kwa mfanyabiashara, wanachama hawatakuwa na pa kulalamikia. Wajerumani wa Wikivoyage walisajili chama kwanza, wakaandika leseni kwa uwazi, ndipo wakawakaribisha waandishi.

Maswali hayo huonekana ya uchoyo siku ya kwanza, wakati wote ni marafiki na hakuna fedha ya kugombania. Lakini ndiyo siku pekee ambayo kuyajibu ni rahisi. Wapenzi wa safari waliyajibu mwaka wa 2003, na miaka 9 baadaye wakaondoka na kurasa zao. Waliowalaza wageni kwa moyo mweupe hawakuulizwa, na sifa zao zikabaki nyuma ya mlango wa kulipia.