Uyoga Usiokubali Kulimwa

Uyoga wa mamama hauna masharti magumu. Ukiwa na kibanda chenye kivuli na mabaki ya pamba au mabua, unachemsha, unajaza mifukoni, unapanda mbegu, na wiki chache baadaye unachuma. Ule wa njano na mwekundu unaochipuka porini Tura mvua zikishakolea haukubali hata uubembeleze vipi. Mamama hula vilivyokufa. Huu wa porini hulishwa na mti ulio hai.

Kwa msafiri wa zamani aliyetoka Ugogo, Tura ilikuwa lango la Unyamwezi. Misafara iliyovuka pori la Mgunda Mkali, ukiwamo wa Burton na Speke mwaka 1857, ilikuta hapa mashamba na chakula. Msitu wake ni wa miombo, na udongo ni wa kichanga, haba wa fosforasi. Hiyo kidogo iliyopo nayo haitembei: mzizi ukishanyonya iliyo karibu yake unabaki na njaa, ilhali nyingine ipo upana wa kidole kutoka hapo.

Msimu wa mvua, fukua taratibu mzizi mwembamba wa mtundu, mmoja wa miti ya miombo, uoshe, uutazame kwa kioo cha kukuzia. Ncha zake ni butu, zimenenepa, na kila moja imevikwa kuvu kama kidole ndani ya glavu. Kutoka hapo nyuzi nyembamba kuliko unywele hutambaa mbali, zikiuletea mti fosforasi, nitrojeni na maji. Mti hulipa kwa sukari uliyoitengeneza majanini. Uyoga tunaochuma ni tunda tu la nyuzi hizo. Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyeuita ushirika huu mikoriza mwaka 1885, alikuwa amepewa kazi ya kutafuta namna ya kulima uyoga ghali unaoota chini ya ardhi. Akaishia kwenye mizizi.

Mninga, jirani wa mtundu, una washirika wengine kabisa. Kuvu zake hupenya ndani ya seli za mzizi na kuchanua humo vijitawi ambavyo huvioni mpaka mzizi upakwe rangi maabara na kuwekwa chini ya hadubini. Hazitoi uyoga. Msweden Peter Högberg alichapisha mwaka 1982 utafiti wake wa mizizi ya miti ya Tanzania, na makundi haya mawili yanaonekana humo. Kundi la mninga ndilo linaloishi pia na mahindi, karanga, maharage na tumbaku. Kabichi, sukuma wiki na mchicha kwa kawaida havina habari nalo, kwa hiyo anayekuuzia unga wa kuvu wa kuweka kwenye kabichi anakula hela yako bure. Hata mahindi, ukiyamwagia mbolea ya fosforasi kama DAP kupita kiasi, huacha kuwalisha washirika yasiowahitaji tena.

Kuna hadithi kwamba miti huzungumza kwa nyuzi hizi na mama hulisha wanawe. Mtafiti Suzanne Simard alionyesha huko Kanada mwaka 1997 kwamba kaboni huhama kutoka mti hadi mti. Mengi yaliyoongezwa baadaye, wenzake walipoyapitia upya mwaka 2023, yalikutwa na ushahidi mwembamba. Mimi niko upande wa wenye shaka.

Lisilo na shaka ni la visiki. Ukifyeka miombo upande tumbaku na kuacha visiki, mizizi iliyo hai huendelea kuzilisha kuvu zake, na shamba likiachwa machipukizi hukuta washirika wao wapo. Ukiving'oa kwa trekta, kuvu za mninga zitaishi kwa mazao yako, lakini za mtundu hazina wa kuzilisha.

Wenye vitalu vya misonobari Afrika Mashariki walijifunza hili mapema: miche iligeuka njano na kudumaa hadi ilipoletewa udongo wa chini ya misonobari iliyokomaa. Anayeotesha mtundu achote ndoo moja chini ya mtundu mkubwa, pamoja na vimizizi vyake, achanganye na udongo wa viriba kabla ya kusia mbegu.