Mbunge wa jimbo akirudi na habari, uvumi unakosa kazi

Kikao cha bunge la jimbo kikifungwa, wabunge wanachukua njia ya kurudi kule walikochaguliwa. Mashariki mwa Kongo, habari ya kufika kwa muheshimiwa inamtangulia kijijini. Kesho yake uwanja wa nyumba yake unajaa watu: mama anayetafuta makuta ya masomo ya mtoto, kamati ya kanisa inayotaka mabati, familia yenye msiba, vijana wanaoomba mpira. Mbunge anayetoa kitu anasifiwa. Asiyetoa anaambiwa amesahau watu wake.

Katika kelele hizo jambo moja linapotea. Watu hao ndio waliomtuma kwenye bunge, na wana haki ya kujua nini kilisemwa kule, nini kilipigiwa kura, na ni nini kinachokuja upande wao. Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Haki hiyo haiishii kwa wenye kusoma gazeti mjini. Ni ya mkulima wa Lubero, mvuvi wa Fizi na mchuuzi wa Bunia pia.

Sheria ilimpa kazi gani?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 197, inaeleza kazi ya bunge la jimbo. Bunge hilo linajadili mambo yaliyoachiwa jimbo, linatunga sheria za jimbo ambazo kwa Kifaransa zinaitwa "édits", na linachunguza kazi ya serkali ya jimbo pamoja na idara za umma za mahali. Wabunge wake wanachaguliwa na wananchi kwa muda wa miaka 5. Wengine wachache, ambao hawawezi kupita sehemu moja ya kumi, wanaingia bila kura ya wananchi, na hapo ndipo machifu wa kimila wanapata kiti.

Ukisoma kifungu hicho kutoka mwanzo hadi mwisho, hutaona mahali panaposema mbunge ajenge daraja, anunue sanduku la maiti au alipe masomo. Mwenye kujenga ni serkali, ya jimbo au ya Kinshasa. Mbunge anapiga kura juu ya bajeti, kisha anafuata kama makuta yalifika pale yalipoandikiwa. Akiwa na mashaka, ana vyombo vya kutumia: kumpa waziri wa jimbo ulizo la mdomo au la maandishi, kumwita ajieleze mbele ya bunge, au kuomba tume ya uchunguzi.

Mbunge anayewaeleza wakaaji mambo haya wazi anajisaidia mwenyewe kwanza. Watu wakijua kazi yake, watamdai kazi hiyo. Wasipojua, watamdai mabati, na mwisho wa miaka 5 watamhukumu kwa hesabu ya mabati.

Habari ambazo wakaaji wanahitaji

Habari za bunge si hotuba wala picha ya muheshimiwa amevaa kanda ya bendera. Wakaaji wanahitaji mambo madogo ambayo mtu anaweza kuyafuata mwenyewe.

Tuchukue njia. Barabara ikikatika wakati wa mvua, watu wanamlaumu kila mtu kwa mara moja: mbunge, chifu, gavana, mkuu wa teritware. Lakini barabara hazina mwenyewe mmoja. Barabara za kitaifa, kama ile namba 5 inayotoka Bukavu kwenda Uvira, au ile namba 4 inayopita Beni, ziko chini ya serkali kuu kupitia Office des Routes. Njia ndogo zinazotoa mazao mashambani zina idara yake nyingine. Tena kuna mfuko wa kitaifa wa kutengeneza barabara, FONER, ambao madereva wanauchangia. Mbunge akisema, "Njia yetu hii iko chini ya idara fulani, na jibu waliloandika ni hili," anawapa wakaaji mlango wa kubisha. Akisema tu, "Tunapigania njia yenu," watu wanabaki na wimbo.

Tuchukue pia makuta ya madini. Sheria mpya ya madini ya Machi 2018 inasema kodi ambayo kampuni inalipa juu ya madini inayouza igawanywe hivi: 50 kwa mia kwa serkali kuu, 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa mji, komini, sekta au sheferi yenye machimbo, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hiyo, kampuni inapaswa kuweka kando angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na machimbo. Huko Bisie, katika teritware la Walikale, kampuni inachimba kasiterite kwa mitambo. Huko Watsa, katika Haut-Uélé, dhahabu ya Kibali inachimbwa vilevile kwa mitambo. Mkaaji wa mahali kama hapo anayejua hesabu hii anaweza kuuliza kwenye ofisi ya sheferi yake: ile 15 kwa mia imeingia? Imefanya nini? Asiyeijua anabaki kuangalia magari makubwa yakipita.

Jimbo lenyewe lina madai yake. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa, na kinasema sehemu hiyo ikatwe palepale makuta yanapoingia. Majimbo yamelalamika miaka mingi kwamba hayaipati inavyotakiwa. Wakaaji wakiambiwa habari hiyo, wataelewa kwa nini bajeti iliyopigiwa kura kwa makofi inaweza kumaliza mwaka bila kituo kimoja cha afya. Wataelewa pia kwamba ukosefu wa makuta ya Kinshasa hauwezi kuwa sababu ya kila kitu, maana jimbo linakusanya kodi zake lenyewe na linapaswa kutoa hesabu yake.

Halafu kuna programu ya maendeleo ya teritware 145, ambayo inagusa kila teritware ya inchi kwa masomo, vituo vya afya na majengo ya utawala. Hapa mbunge hana haja ya maneno mengi. Anaweza kutaja katika kijiji gani jengo limepangwa, nani amepewa kazi, kazi imefika wapi. Wakaaji wataenda kuangalia kwa macho yao.

Beni na Butembo zilifundisha kwa machungu

Kuna watu wanaosema habari haijazi tumbo. Ni kweli. Lakini kukosa habari ya kuaminika kumeua watu katika Kivu ya Kaskazini, na si zamani sana.

Tarehe 1 Agosti 2018, serkali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia katika jimbo hilo. Ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Kwa jumla watu 3 470 waliugua na 2 287 walikufa, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Katikati ya mateso hayo inchi ilikuwa inaenda kwenye kura. Tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na wengine, na sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Kesho yake watu wenye hasira waliingia barabarani Beni, na kituo kimoja cha wagonjwa kikashambuliwa.

Tangu hapo uvumi ulipata nguvu. Wengine walisema ugonjwa ulitengenezwa ili kuwanyima watu kura. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilichomwa na kushambuliwa ndani ya siku chache. Wauguzi walikimbia, wagonjwa walikimbia, na kila aliyekimbia na ugonjwa alifika nao kwa jamaa.

Uchaguzi wa wabunge katika maeneo hayo ulifanyika tarehe 31 Machi 2019. Maana yake, katika miezi ile mibaya wakaaji wa Beni na Butembo hawakuwa na wabunge wapya wa kuwaletea habari kutoka kwenye meza ya wakubwa na kupeleka huko maulizo yao. Waganga walikuja na magari na mavazi ya plastiki, wakisema ukweli. Lakini ukweli unahitaji mdomo ambao watu wanaujua. Wanasiasa wamoja walio na mdomo huo walichagua kuchochea mashaka, kwa sababu mashaka yanaleta kura kwa upesi.

Hiyo ndiyo hatari ya kazi hii. Mbunge anasikilizwa zaidi ya mtangazaji. Akisema jambo bila kuhakikisha, uvumi umepata muhuri. Ndiyo maana kabla ya kurusha sauti kwenye WhatsApp anapaswa kuuliza alipaswa kuuliza: kwa mganga mkuu wa zone de santé, kwa mkuu wa teritware, kwa viongozi wa shirika la raia. Na akiwa hajui, aseme hajui bado.

Lugha ya bungeni na lugha ya sokoni

Kifungu cha 1 cha Katiba kinaiweka Kifaransa kuwa lugha ya kazi ya serkali, na Kiswahili kuwa moja ya lugha 4 za kitaifa pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Bajeti, édits na ripoti za tume zinaandikwa Kifaransa. Mama anayeuza ndizi Kiwanja au Kamituga hatazisoma, hata zikibandikwa kwenye mlango wa komini.

Hapo mbunge anakuwa mfasiri. Redio ndiyo chombo chake cha kwanza. Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, inasema kwa Kifaransa na kwa lugha zote 4 za kitaifa. Redio ndogo za mahali zinafika hata pale gazeti halifiki, na nyingi zinasema pia Kinande, Mashi, Kilega, Kihunde au Kibembe. Kipindi kimoja cha nusu saa, chenye namba ya simu wazi kwa wasikilizaji, kinafika kwa watu wengi kuliko mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti na fulana za chama.

Tangazo baada ya misa au ibada, neno kwenye msikiti, kikao na mwami na wakuu wa vijiji, karatasi iliyobandikwa kwa Kiswahili sokoni: hivi vyote havihitaji makuta mengi. Vinahitaji mbunge aliyesoma bajeti yeye mwenyewe.

Bunge likisimamishwa

Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ile "état de siège". Wanajeshi na polisi walichukua nafasi ya magavana, na kazi ya mabunge ya jimbo ikasimamishwa. Siku 16 baadaye, tarehe 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei usiku wa kuamkia asubuhi, wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za Goma waliambiwa waondoke. Watu kwa maelfu walienda Sake, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Katika siku zile za kutojua ardhi itapasuka wapi, bunge la jimbo halikuwa na ukumbi wa kukutana wala kikao cha kumuuliza mkuu wa jimbo jambo lolote.

Katika kura ya tarehe 20 Desemba 2023, Masisi na Rutshuru hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma, kisha Bukavu, ziliangukia mikononi mwa AFC/M23, na serkali ya jimbo la Kivu ya Kusini ikahamia Uvira. Wapiga kura wengi wametawanyika: wengine kambini, wengine kwa jamaa, wengine ng'ambo ya mpaka.

Kwa mbunge wa jimbo aliye katika hali hiyo, kupiga kura juu ya bajeti kumekuwa mbali. Kuleta habari bado kunawezekana. Anaweza kujua chakula cha wakimbizi kinagawanywa wapi, njia gani inapitika, mitihani ya taifa itafanyikia kituo gani, hospitali gani ina dawa. Anaweza kupeleka juu majina ya vijiji vilivyochomwa na hesabu ya familia zisizo na hema. Na anapaswa kupima maneno yake, maana katika vita neno moja juu ya kabila la jirani linaweza kumaliza kijiji.

Wakaaji nao wana sehemu yao. Muheshimiwa akifika, au akipiga simu kwenye redio, kuna maulizo ambayo hayamgharimu kitu ila ukweli. Katika kikao kilichopita ulisema nini juu ya upande wetu? Uliandika ulizo gani kwa waziri, na alijibu nini? Katika bajeti ya mwaka huu, sisi tumeandikiwa nini? Utarudi lini kutuambia kama kimefanyika?