Milimita 195 za Harrier Huishia Wapi?

Kwenye karatasi ya vipimo ya Toyota Harrier iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2020, uwazi wa chini umeandikwa milimita 195 kwa gari la petroli na 190 kwa haibridi. Uwazi huo ni umbali kati ya ardhi na kitu kilicho chini kuliko vyote kwenye tumbo la gari, tairi zikiachwa kando. Mnunuzi wa Mwanza au Kisumu akiisikia namba hiyo huikumbuka barabara ya kwao, akaridhika. Namba yenyewe ni ya kweli. Ila imepimwa gari likiwa tupu, limesimama, kwenye sakafu iliyonyooka. Barabara hulikuta limejaa watu, linakimbia, na ardhi imevimba katikati.

Tuanze na mzigo, maana huko ndiko milimita nyingi zinakopotelea. Watu watano na mabegi yao ya safari ya Krismasi kwenda Moshi huweza kufika kilo 400, na sehemu kubwa ya uzito huo huangukia nyuma. Kwa springi laini za gari la kifahari, si ajabu nyuma kushuka sentimita 3 au 4, na zikiwa zimechoka hushuka zaidi. Kwa hiyo ile 195 inaweza kubaki 160 kabla hamjatoka getini. Kisha huja breki. Ukikanyaga breki, uzito hukimbilia mbele na pua ya gari huinama. Dereva anayeshikilia breki mpaka juu ya tuta anaipeleka pua pale ikiwa chini kabisa. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi za mbele hazijaligusa tuta, ili springi zipate kuinuka. Tabia hiyo haina gharama, na imeokoa bampa na sampu (beseni la oili chini ya injini) nyingi kuliko kifaa chochote cha dukani.

Hapa ndipo krosova kama Harrier inapotengana na Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile inayotumika migodini na mbugani. Kwenye Land Cruiser hiyo, ekseli ni mhimili mmoja mgumu kutoka tairi hadi tairi, na difu imo humohumo. Kilicho chini kuliko vyote ni difu, na kimo chake kutoka ardhini huamuliwa na ukubwa wa tairi. Pakia magunia upendavyo: bodi itashuka, difu itabaki palepale. Kwenye Harrier, Lexus RX au BMW X5, kila tairi lina mikono yake ya kulishikilia, na injini, giaboksi pamoja na difu vimefungwa upande wa bodi. Bodi ikishuka, vyote vinashuka nayo. Mpangilio huo ndio unaoleta utulivu unaolipiwa pesa nyingi, kwa sababu tairi moja likitumbukia shimoni, lile la upande wa pili halitikisiki sana. Kwa mtu anayepita lami siku nyingi za mwaka, mimi mwenyewe ningemshauri achukue krosova. Ajue tu kwamba sentimita 20 za krosova na sentimita 20 za gari la ekseli ngumu si kitu kimoja.

Kuna jambo la pili ambalo namba ya kwenye karatasi hailigusi kabisa, nalo ni urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Tazama magari mawili yaliyozinduliwa mwaka mmoja, 2018. BMW X5 ya kizazi cha nne ina uwazi wa milimita 214. Suzuki Jimny ndogo ya milango mitatu ina 210. Kwa kusoma karatasi, X5 imeshinda. Sasa yapeleke yote kwenye tuta refu la udongo. Tairi za mbele za X5 zitavuka na kuanza kuteremka huku za nyuma zikiwa bado mbali, kwa kuwa kati ya ekseli zake kuna milimita 2,975. Tumbo litakalia tuta. Jimny ina milimita 2,250 tu, hivyo tairi za nyuma zinawahi kupanda kabla tumbo halijagusa. Kwa hesabu rahisi ya uwiano, X5 ingehitaji uwazi wa karibu milimita 278 ili ivuke tuta kali kama lile ambalo Jimny inalivuka. Na bado hatujazungumzia bampa ya mbele, ambayo kwenye magari ya kifahari hutokeza mbele ya tairi na kushuka chini kwa ajili ya kukata upepo. Ukingo wa barabara na mtaro hukutana nayo kabla ya kitu kingine chochote.

Huenda umejiuliza kwa nini krosova nyingi zimekusanyika karibu na sentimita 20. Sababu mojawapo iko Marekani. Kanuni za huko za matumizi ya mafuta huligawa gari katika kundi la magari madogo ya abiria au la malori mepesi, na kundi la pili limewekewa viwango vilivyo rahisi zaidi. Gari linaloendeshwa na tairi zote nne huingia kundi hilo likitimiza angalau masharti manne kati ya matano: pembe ya mbele nyuzi 28, pembe ya chini ya tumbo nyuzi 14, pembe ya nyuma nyuzi 20, uwazi wa sentimita 20, na sentimita 18 chini ya kila ekseli. Kwa hiyo mhandisi anayeamua kimo cha gari anaiwaza barabara, lakini na kanuni hiyo iko mezani kwake.

Wengine hudhani rimu kubwa huliinua gari. Chukua tairi tatu ambazo Harrier hiyo hutoka nazo kiwandani. Ya 225/65 R17 ina kipenyo cha milimita 724. Ya 225/60 R18 ina 727, na ya 225/55 R19 ina 730. Kutoka rimu ya inchi 17 hadi ya 19 gari limepanda milimita 3 tu, ambazo ni nusu ya tofauti ya kipenyo. Kilichobadilika kweli ni ukuta wa raba: kutoka milimita 146 umebaki 124. Shimo lenye kingo kali sasa liko karibu zaidi na rimu. Kwa barabara zetu ningeichukua ya 17 bila kufikiri mara mbili.

Springi za hewa ni habari nyingine, na ni teknolojia ninayoipenda. Range Rover ilizitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ziko kwenye Audi Q7, Mercedes-Benz GLE na nyingine. Unabonyeza kitufe, mifuko ya raba inajazwa hewa na gari linainuka sentimita kadhaa. Ukikimbia barabara kuu linashuka lenyewe ili litulie. Tena mzigo ukiongezeka, mfumo hurudisha kimo, jambo ambalo springi ya chuma haiwezi. Shida ni umri. Raba hupasuka, hewa huvuja, pampu hufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Hata Kenya, ambako gari la kuagizwa halitakiwi kuzidi miaka 8, mifuko hiyo inaweza kufika ikiwa imechoka. Omba gari lilale usiku mzima mahali tambarare, na asubuhi, kabla halijawashwa, pima kimo cha kila kona kwa futi. Kona iliyokaa chini inavuja.

Fundi atakuambia dawa ni spesa, vile vipande vinavyowekwa juu ya springi. Ni kweli vinainua bodi. Vinainua pia kitovu cha uzito, na uwiano kati ya umbali wa tairi za kushoto na za kulia na kimo cha kitovu hicho ndio serikali ya Marekani inaoutumia kukadiria urahisi wa gari kupinduka. Mihimili inayopeleka nguvu kwenye tairi hukaa kwa pembe kali zaidi, raba zake zinapasuka mapema na grisi inamwagika. Taa zinapanda na kumwangaza usoni anayekuja mbele yako. Na kwenye Harrier hii mpya kuna kamera na rada za kuzuia ajali, zilizopangwa kwa kimo cha kiwandani. Ukilazimika kuweka spesa, ziwe nyembamba, kisha magurudumu yapangwe upya, taa zishushwe, na kamera na rada zipimwe tena.

Kabla ya hayo yote, kabla hata ya kulipia gari, lipandishe kwenye jeki ya gereji na umulike tochi chini. Angalia sampu, bomba la ekzosi na mikono ya nyuma kama vina mikwaruzo inayong'aa. Angalia pia kama kingio la plastiki chini ya injini bado lipo na skrubu zake zote. Likiwa halipo, mwambie muuzaji alirudishe au apunguze bei.