Dodoso la Lishe ni Mizani: Lipimwe Kabla ya Kusadikiwa

Katika Suratul Mutaffifin, Mwenyezi Mungu amewaonya vikali wanaopunja vipimo. Onyo hilo tumezoea kulielekeza sokoni, kwenye kilo ya mchele. Lakini dodoso nalo ni mizani. Anayetuuliza tunakula nini, kisha akatushauri kwa majibu yetu, ametupima. Na mizani yake ikipinda, anayepunjwa ni mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu.

Madodoso mengi ya lishe hutungwa ughaibuni, kisha hutafsiriwa. Lile la Hispania, lijulikanalo kwa kifupi MEDAS, lina maswali 14. Humpa alama anayetumia vijiko 4 au zaidi vya mafuta ya zeituni kwa siku, na pia anayekunywa glasi 7 au zaidi za mvinyo kwa wiki. Likitafsiriwa neno kwa neno, Muislamu wa Morogoro atakosa alama kwa kumtii Mola wake, na mkulima wa Mgeta mwenye kabichi na njegere shambani atakosa nyingine kwa kutokuwa na zeituni.

Hata swali jepesi lina mtego. Shirika la Afya Duniani linahimiza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Lakini mama wa Kinole akiulizwa, "Jana mlikula mboga?", huenda akajibu ndiyo, ilhali mboga yao ilikuwa dagaa, kwetu mboga ni chochote cha kulia ugali. Ndizi nayo, ikiiva ni tunda. Ikipikwa mbichi ni mlo kamili. Na "wiki ya kawaida" ni ipi, swali likiulizwa ndani ya Ramadhani, wakati wa futari na daku?

Ndiyo maana wataalamu hawatosheki na tafsiri pekee. Mmoja hutafsiri, mwingine, asiyeona nakala ya asili, huirudisha katika lugha ya kwanza, na tofauti hujadiliwa. Kisha watu wachache huulizwa wameelewa nini. Maswali hurudiwa baada ya siku kadhaa, na majibu hulinganishwa na orodha ya vyote walivyokula kwa saa 24.

Hapa Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na misikiti yetu ina watu. Mtafiti akija, tumpokee. Swali lisipoeleweka, tumwambie, badala ya kumpa jibu la kumridhisha. Kusema kweli juu ya chungu chetu ni ushahidi, na ushahidi ni amana.